Bendera Mbili za Mzee Ndirangu

Msomaji na afahamishwe mapema kwamba kidole cha Evariste hakikuwa kimevunjika. Kilikuwa kimeteguka kidogo tu mazoezini, siku ya Alhamisi, na kidole cha namna hiyo hufungwa plasta kwa dakika mbili. Wamaitha, muuguzi mwenye miaka mitano kazini, alikuwa amekifunga kwa dakika kumi na moja, na hakuonyesha dalili yoyote ya kumaliza.

Walikuwa wameketi juu ya sanduku la barafu nyuma ya benchi la timu ya Riverdale. Mbele yao uwanja, nyuma yao miti na reli, na pande zote majani ya Oktoba yalikuwa yakianguka taratibu, kana kwamba yameagizwa rasmi kwa ajili ya wapendanao. Hayakuwa na faida yoyote. Wamaitha alikuwa amekasirika.

"Unaniumiza," alisema Evariste.

"Vizuri."

"Niko nasema unaniumiza, chérie."

"Na mimi nimesema vizuri. Umeongea na Baba?"

Kidole kiliacha kuuma papo hapo. Kuna maswali yanayotibu kuliko dawa.

"Nilimusalimia," Evariste alisema.

"Ulimsalimia vipi?"

"Nilisema, jambo Papa."

"Akasema?"

"Akasema yeye si Papa. Akasema Papa yuko Roma."

Wamaitha aliuma mdomo. Alikuwa ameapa asubuhi mbele ya kioo kwamba leo hatacheka, na kicheko kilikuwa kimeshafika mabegani. Alikifunga pamoja na kidole, akavuta plasta kwa nguvu.

"Evariste, nisikilize. Jumamosi ijayo watu wa Wayne wanakuja kwetu Laurel kuniposa. Mama yake ameshashona nguo. Baba ameshaniambia nitafute viti vya kukodi. Ukinyamaza leo, siku nyingine hakuna."

Evariste alitazama upande wa pili wa uwanja. Huko, mbele ya goli la wapinzani, kipa wa timu ya Manassas alikuwa akidaka mipira kwa mkono mmoja huku ule mwingine ukitengeneza nywele. Huyo ndiye Wayne Wainaina. Tungependa kumwambia msomaji kwamba Wayne alikuwa mtu mbaya, lakini tumeapa kusema kweli. Wayne alikuwa na kazi nzuri ya kompyuta, nyumba ya vyumba vinne, meno yote, na alimpeleka mama yake kanisani kila Jumapili. Ni watu wa namna hii wanaoharibu riwaya za mapenzi.

"Papa yako ananichukia juu ya nini?" Evariste aliuliza polepole. "Juu miye ni Mukongo?"

"Hakuchukii. Anasema hivi: nikikosana na huyu kijana, nitampigia nani simu? Wayne ana baba, ana wajomba wanne, ana shangazi anayeogopwa mpaka Baltimore. Wewe una nani?"

"Niko na Mungu."

"Mungu hana nambari ya simu, Evariste."

Wazazi wa Evariste walizikwa Uvira. Dada yake yuko Bujumbura, na baada ya hapo orodha imekwisha. Kila siku, kazini kwake katika nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa akiwageuza wazee wa watu wengine kitandani, akiwafunika blanketi na kuwaitikia wanapomwita kwa majina ya watoto wao. Mzee wa kwake mwenyewe, wa kumsemea neno moja sebuleni mwa mtu, hakuwa naye.

"Leo asubuhi Papa yako aliinua taulo?" Evariste aliuliza.

"Anainua kila siku. Hata tukiwa tumenuniana."

Taulo hilo linahitaji maelezo. Mzee Ndirangu, baba yake Wamaitha, alikuwa gadi wa treni kwa miaka thelathini na mmoja, kituo chake Nakuru. Kazi ya gadi ni kutazama nyuma, kutazama mbele, kuhakikisha hakuna mtoto wala mbuzi aliyebaki njiani, kisha kuinua kibendera cha kijani ili treni iondoke. Alistaafu, mkewe akafariki, binti akamleta Maryland, Marekani, na huko hakuna aliyehitaji gadi. Basi kila asubuhi Wamaitha aliposhuka kwenda kazini, Mzee alisimama kwenye dirisha la ghorofa ya tatu, akatazama kushoto na kulia mwa maegesho, halafu akainua taulo la kijani la jikoni. Wamaitha hakuwahi kuondoa gari kabla ya kuliona. Mara moja alichelewa kazini kwa sababu Mzee alikuwa bado anatafuta taulo.

"Maliza kunifunga," Evariste alisema. "Nitasema naye leo. Nikishinda, nitaenda na kombe mukononi. Mutu mwenye kombe anasikilizwa."

"Na ukishindwa?"

Evariste aliinua macho. Alimtazama tu, na yeye akamtazama, na plasta ikaisha yenyewe kwenye mzingo wake bila mtu kuona.

*

Mchezo wenyewe ni mpira wa Kiairishi. Timu ina watu kumi na watano. Mpira unashikwa kwa mikono, unakimbizwa hatua nne, unadundishwa chini au unarushwa kwa mguu na kurudi mkononi, na mtu anakugonga bega wakati wote huo kwa upendo wa kindugu. Magoli yana milingoti mirefu iliyopita juu ya mwamba. Ukipiga juu ya mwamba, pointi moja. Ukipiga chini yake, wavuni, ni goli, pointi tatu. Jinsi mchezo huu ulivyowafikia Wakenya na Wakongo wa Riverdale Park ni hadithi inayohusu fundi mmoja wa mabomba kutoka Ireland, upungufu mkubwa wa wachezaji, na mtu aitwaye Ochieng ambaye hajui kusema hapana.

Siku hiyo ilikuwa fainali ya daraja la pili. Atakayeshinda angepanda daraja la kwanza. Riverdale walikuwa wamefika fainali hii miaka miwili mfululizo na kushindwa miaka miwili mfululizo, kwa uaminifu wa kusikitisha.

Ochieng, katibu wa klabu na mchezaji wake, alikuja mbio akiwa amekumbatia makoti mawili meupe na fungu la bendera.

"Nani hapa hana kazi? Waamuzi wa magoli hawajafika! Kawaida tunaweka wawili kila goli, leo sina hata mmoja. Nataka mtu mmoja huku na mmoja kule. Mtu mzima, mwenye macho!"

Macho yake yaliangukia kiti cha kukunja pembeni mwa uwanja. Mzee Ndirangu alikuwa amekikalia kwa suti ya kahawia na kofia, thamosi ya chai magotini. Alikuwa amekuja kwa mwaliko wa Wayne, na alimwambia binti yake wazi kwamba anakuja kumtazama mkwe, siyo mpira.

"Mzee wangu," Ochieng alisema, "unaona vizuri?"

"Naona mpaka Baltimore."

"Na kazi ya bendera, unaweza? Mpira ukipita juu ya mwamba, unainua nyeupe. Ukiingia wavuni, unainua ya kijani. Basi. Si ngumu."

Mzee Ndirangu aliweka thamosi chini. Alisimama pole pole, kiungo kimoja baada ya kingine, mpaka akawa mrefu kuliko Ochieng alivyotarajia.

"Kijana," alisema, "unaniuliza mimi kama naweza kazi ya bendera?"

Koti jeupe lilimkaa kama lilishonwa kwa ajili yake. Alizikagua bendera zote mbili, akanyoosha mikunjo, akaenda golini kwa mwendo wa mtu anayekagua mabehewa. Wamaitha alimtazama akiondoka. Hakuwa ameona mgongo huo umenyooka hivyo tangu Nakuru.

*

Mzee alikuwa mwamuzi mkali. Kipindi cha kwanza Riverdale walilinda goli lake, na Manassas walipopata goli lao la pekee, aliinua bendera ya kijani kwa heshima kiasi kwamba hata waliofungwa walitaka kupiga makofi. Mpira ulipotoka nje aliukatalia kwa mikono miwili, kama anayewazuia abiria wasio na tiketi. Mchezaji mmoja wa Riverdale alijaribu kubisha. Mzee alimtazama tu. Kijana akaomba msamaha na kurudi mahali pake.

Wakati wa mapumziko Evariste alipita karibu naye, akainama kidogo.

"Pole na kazi, Papa."

"Papa yuko Roma," Mzee alisema. Halafu akaongeza, "Hicho kidole chako kimefungwa plasta nyingi sana."

"Ni munesi alinifunga."

"Nimeona. Nilikuwa natazama saa."

Evariste aliondoka haraka.

Kipindi cha pili timu zilibadilishana pande, na sasa aliyesimama mbele ya Mzee alikuwa Wayne. Walisalimiana kama mtu na mkwe wake. Riverdale walishambulia, Wayne alidaka. Walishambulia tena, akadaka tena, na kila mara alimgeukia Mzee akatabasamu. Wamaitha alikuwa akikimbia pembeni na mfuko wake wa huduma ya kwanza, akipaka goti la huyu na kumwagia maji yule, lakini macho yake yalifuata jezi moja tu, nambari kumi na moja. Ni jambo la aibu kwa muuguzi. Mtu mmoja alitoka damu puani dakika nzima bila kuhudumiwa.

Zikabaki sekunde chache. Manassas pointi kumi na mbili, Riverdale kumi. Pointi moja isingesaidia kitu. Lilihitajika goli.

Ochieng aliruka akanyakua mpira katikati, akamtupia Evariste. Evariste akageuka. Hatua nne, mpira mguuni, mpira mkononi. Hatua nne nyingine. Beki alimgonga bega, akayumba, hakuanguka. Wamaitha alisikia sauti ikiita "Evariste!" kwa ukali wa ajabu, na ilichukua muda kujua kwamba ni yake. Evariste alipiga.

Mpira uliruka chini ya mwamba, moja kwa moja. Wayne naye aliruka. Ncha za vidole vyake, na hapa ni lazima tumpe sifa zake zote, ziliugusa mpira kwa unyoya tu. Ukapinda juu, ukapaa juu ya mwamba kati ya milingoti, ukaangukia wavu kwa nyuma, na wavu ukatikisika.

Wakati uleule, nyuma ya miti, treni ya mizigo ilifika kwenye makutano ya barabara ikapiga honi: ndefu, ndefu, fupi, ndefu.

Mkono wa Mzee Ndirangu ulipanda. Ndani yake kulikuwa na bendera ya kijani.

*

Refa alipuliza filimbi ya mwisho, na Riverdale wakawa wazimu. Watu wazima wenye rehani za nyumba walibingirika kwenye majani. Ochieng alimbeba Evariste, akamwangusha, akambeba tena. Kumi na tatu kwa kumi na mbili! Daraja la kwanza!

Watu wanne tu hawakushangilia wala kuomboleza. Wayne, kwa sababu vidole vyake vilijua ukweli. Evariste, kwa sababu alikuwa ameuona mpira kwa macho yake. Wamaitha, kwa sababu alikuwa akimtazama baba yake, ambaye alikuwa amesimama wima na kibendera juu, uso wake umeelekea sauti ya treni iliyokuwa ikitokomea. Aliufahamu uso huo tangu alipokuwa mtoto wa kubebwa kwenye jukwaa la stesheni. Na wa nne alikuwa Mzee mwenyewe, ambaye alikuwa bado Nakuru.

"Mzee, kwani huoni?" Wayne alifoka, mbele ya watu wote. "Ilipita juu! I touched it! Umesimama hapo kufanya nini kama huoni?"

Mzee alirudi Maryland ghafla. Alitazama mkono wake, akatazama mwamba, akamtazama kijana aliyekuwa akimpigia kelele. Akakaza taya.

"Nimeinulia treni bendera miaka thelathini na mmoja," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuna hata moja iliyoanguka."

"Hii si treni!"

Refa, Mwairishi mwenye uso mwekundu, alifika akihema. Yeye alikuwa mbali, alisema, alitazama bendera. Je, mwamuzi wa goli anathibitisha? Ni goli?

Ochieng alimshika Evariste shingoni, akamnong'oneza.

"Wewe nyamaza kabisa. Mzee mwenyewe amekupatia. Kombe, na binti, siku moja! Ukimsahihisha mbele ya watu, hata viatu vyako hutavivulia mlangoni kwake."

Na Ochieng alikuwa na hoja. Wamaitha aliiona hoja hiyo kutoka mbali bila kuisikia. Mtu asiye na wazee anaweza kusamehewa. Mtu aliyemwaibisha baba wa msichana mbele ya watu mia moja, baba aliyevaa suti, huyo aende akaoe mbali. Alitaka kukimbia, lakini akabaki amekumbatia mfuko wa bandeji kama mtoto.

Evariste alitoa mkono wa Ochieng shingoni mwake. Hakumwendea refa. Alizunguka nyuma ya goli, akaokota bendera nyeupe iliyokuwa imeanguka kwenye nyasi, akaipangusa matope kwa jezi yake, akaja akasimama mbele ya Mzee, mgongo wake kwa watu ili wasione uso wa mtu yeyote. Aliishika bendera kwa mikono miwili.

"Papa," alisema polepole, "treni imeshapita."

"Treni gani?"

"Ile ya mizigo. Ilipiga honi mupira ukiwa hewani. Miye pia niliisikia."

Mzee aligeuza uso kuelekea reli.

"Wamaitha aliniambia juu ya Nakuru. Papa hakukosea kuona. Ni mukono tu, uliitika kazi yake."

"Uliona ilipita wapi?" Mzee aliuliza.

"Niliona."

"Na ulitaka iwe goli."

"Sana. Hata sasa niko naitaka."

"Basi nikinyamaza umeshinda. Kwa nini unaniletea hii?" Alionyesha nyeupe kwa kidevu.

Evariste alifikiri. Plasta ilikuwa imeanza kufunguka kwenye kidole chake, inaning'inia.

"Juu leo jioni utakaa nyumbani, utakumbuka peke yako. Utaona aibu na hautamwambia mutu. Na kesho asubuhi Wamaitha atashuka kwa gari, atatazama dirisha." Aliisogeza bendera mbele kidogo. "Miye sitaki dirisha likose mutu. Lakini sitasema kitu kwa refa, Papa. Ukisema ni goli, ni goli. Bendera ni zako."

Aliiweka bendera nyeupe mkononi mwa Mzee, akarudi nyuma hatua tatu, akasimama na mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

Jani moja lilianguka kwenye kofia ya Mzee na kubaki hapo, bila heshima.

Kisha Mzee Ndirangu alishusha ya kijani, akainua nyeupe, na kwa sauti iliyowahi kusikika toka behewa la mwisho hadi injini, akasema kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili ili asibaki mtu:

"Refa! Goli hakuna. Ni pointi moja. Kosa ni la gadi."

*

Kumi na mbili kwa kumi na moja. Mwaka wa tatu mfululizo.

Manassas walibeba kombe. Wayne alikuja kwanza, kichwa chini, akasema, "Pole Mzee, nilipandisha sauti."

"Ulikuwa na haki," Mzee alimjibu. "Uliuokoa vizuri ule mpira. Lakini ulinifokea kama mtu anafukuza kuku jikoni. Nenda ukasherehekee, Wayne. Msalimie mama."

Kwenye nyasi za Riverdale watu walikuwa wamelala chali kama nguo zilizoanikwa. Ochieng alikuwa amefunika uso kwa jezi, na kutoka ndani yake zilitoka sauti za mtu anayezungumza na Mungu kwa Kijaluo.

Wamaitha alimkuta Evariste amekalia lile sanduku la barafu. Aliketi kando yake, akauchukua mkono wake, akaanza kuifungua plasta ya zamani. Kidole chini yake kilikuwa kimevimba kweli sasa, na chekundu.

"Umekosa kombe," alisema.

"Ndiyo."

"Unalia?"

"Ni jasho."

"Jasho halitoki hapo, Evariste. Mimi ni nurse."

Evariste alicheka, akapangusa macho kwa bega. Alikuwa na majani kwenye nywele. Wamaitha aliyatoa, moja moja, ingawa yangeweza kutoka yote kwa mara moja.

"Nilikuambia nitaenda kwa papa yako na kombe mukononi. Sasa nimeenda na bendera. Sijui nimesema nini. Kifaransa kilikuwa kinataka kutoka. Alikasirika?"

"Sijui. Niliona mgongo wako tu." Alishika mkono wake kwa mikono yake yote miwili, na safari hii hakukuwa na plasta wala kisingizio. "Lakini uliniambia utaongea naye leo. Umeongea."

Kivuli kiliwaangukia. Kilikuwa na kofia na koti refu jeupe. Walisimama wote wawili kwa pamoja, wakaachana mikono kwa kasi isiyomdanganya mtu.

"Kijana," alisema Mzee Ndirangu.

"Papa."

Wamaitha alifumba macho, akangojea Roma. Sekunde moja. Mbili. Roma haikutajwa.

"Mbona hukuenda kwa refa moja kwa moja?" Mzee aliuliza.

"Refa si papa ya Wamaitha."

Mzee aliitikia kwa kichwa pole pole, kama mtu anayesoma ratiba na kuiona iko sawa. "Jumamosi ijayo uko kazini?"

"Mpaka saa nane ya mchana."

"Basi saa tisa. Unajua Laurel kwangu, ghorofa ya tatu. Usije peke yako. Hatuzungumzi na mtu mmoja."

Furaha iliyokuwa imeanza kupanda usoni mwa Evariste ilisimama nusu ya njia. "Papa, miye sina watu. Papa anajua hivyo."

"Na hao ni nini?" Mzee alielekeza kidevu uwanjani, kwa wale waliolala chali.

"Hao ni timu."

"Nimewahesabu. Kumi na wanne. Mimi nilienda kwa kina mama yake Wamaitha na watu sita, na mmoja alikuwa mlevi. Yule anayelia ndani ya shati ana mvi. Huyo atakuwa mjomba wako."

"Ochieng?"

"Nikikosana na wewe nitampigia yeye. Anipe nambari leo." Mzee aliwatazama tena wale kumi na wanne, matope kutoka kisigino hadi sikio. "Na waje wameoga."

"Baba," Wamaitha alisema, "na watu wa Wayne?"

"Baba ya Wayne nitampigia mwenyewe, leo jioni, kabla ya chai. Nambari ninayo." Kisha akamgeukia binti yake, akamwita mama kwa Kikuyu, kama alivyomwita tangu kuzaliwa, kwa kuwa alikuwa amepewa jina la mama yake Mzee. "Maitu, hicho kidole sasa kinahitaji daktari wa kweli. Mpeleke akapigwe picha. Mimi nitarudi na mjomba."

Walienda kwenye maegesho wakitembea mbali mbali kidogo, kwa adabu, mpaka wakazunguka gari. Wamaitha aliketi nyuma ya usukani, akawasha injini. Halafu akakaa.

"Tuko nangojea nini?" Evariste aliuliza.

"Subiri."

Kwenye kioo alimwona Ochieng akija mbio, macho bado mekundu. "Mzee wangu! Nirudishie vifaa! Koti na bendera ni mali ya klabu!"

"Subiri kidogo, mjomba," Mzee Ndirangu alisema bila kugeuka. "Kuna inayoondoka."

Alisimama pembeni mwa lango la kutokea. Alitazama nyuma, hakuna mtoto. Alitazama barabara kushoto, alitazama kulia, tena bila haraka, mpaka lori la mwisho likapita. Kisha akanyoosha mkunjo mmoja uliobaki, na kibendera cha kijani kikapanda.

Wamaitha akaachia breki.